Bahari Isiyo na Honi: Historia Fupi ya Miwani, Macho na Usahaulifu

Mwaka juzi binamu yangu anayesoma kompyuta alikuja nyumbani na miwani ya uhalisia pepe aliyoiazima chuoni. Zile zinazofunika nusu ya uso kama za wazamiaji. Tukavaa kwa zamu, tukapiga kelele, mdogo wetu akaanguka juu ya kochi akimkimbia papa. Kisha mtu mmoja, nadhani ni mimi, akasema: hebu tumvalishe na bibi.

Bibi yetu amepita miaka 80. Ana ule usahaulifu ambao siku hizi tunajua kuuita dimenshia, na wakati ule macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Sehemu kubwa ya maisha yake aliishi Kurasini upande wa Shimo la Udongo, mpaka nyumba zilipopisha mradi. Sisi bado tuko Kurasini, ila ng'ambo nyingine. Yeye kila ikifika magharibi anajifunga kanga, anachukua mkoba wake, anaaga kwamba anarudi nyumbani. Nyumba anayoisema haipo tena.

Tukamchagulia ufukwe. Mtu wa pwani, tukadhani, atafurahi kuona bahari. Akakaa kimya kama dakika nzima, kichwa kikigeuka polepole. Baadaye ndiyo nimeelewa kwamba hakuwa anatazama, alikuwa anatega sikio.

"Hii bahari ya wapi?"

"Ya kwetu, bibi."

"Ya kwetu ipi, mume wangu? Mbona haina honi?"

Akaivua akanirudishia mkononi. Ukikaa Kurasini unajua: bahari ya kwetu ina honi za meli, ina vyuma vinavyogongana bandarini, ina malori yanayorudi nyuma yakipiga kengele usiku wa manane. Mawimbi matupu ni bahari ya kwenye kalenda.

Jibu lile ndilo lililonipeleka kusoma historia ya chombo chenyewe. Na jambo la kwanza nililokuta ni kwamba miwani hii ilianza kwa mtu wa sauti. Charles Wheatstone wa London alitoka kwenye ukoo wa watengeneza ala za muziki. Kinanda kidogo cha mkono kiitwacho concertina ni kazi yake. Mwaka 1838 aliwaonyesha wanasayansi wenzake kifaa chenye vioo viwili: kila jicho linapewa mchoro wake, michoro miwili inayotofautiana kidogo sana, na ubongo unaiunganisha kuwa kitu kimoja chenye kina. Kanuni ni hiyohiyo hadi leo. Miwani aliyoleta binamu yangu ni vioo vya Wheatstone vilivyotiwa skrini na vihisio vya kufuata mwendo wa kichwa.

Halafu yuko mtu ninayempenda kuliko wote katika historia hii, Mmarekani Morton Heilig. Huyu alikuwa mtu wa filamu, na aliona sinema inadanganya kwa macho na masikio tu. Mwaka 1962 alipata hataza ya mashine aliyoiita Sensorama. Ilikuwa kama kibanda: unakaa kwenye kiti, unaingiza uso ndani, na unaendesha pikipiki katika mitaa ya Brooklyn. Kiti kinatetemeka. Upepo unakupiga usoni. Na harufu zinatoka kwa zamu kadiri unavyopita. Yaani mwaka 1962 mtu alikwisha kufikiri kwamba mahali si picha, mahali ni harufu na mtikisiko pia. Hakupata mtu wa kumpa fedha, na mashine ikabaki kuwa kioja.

Aliyeshinda ni Ivan Sutherland, aliyetengeneza mwaka 1968 huko Harvard chombo cha kuvaa kichwani kilichounganishwa na kompyuta. Kilikuwa kizito hata ikabidi kining'inizwe darini, na ulichokiona humo ni mistari tu inayochora umbo kama la boksi hewani. Lakini ukigeuza kichwa, boksi linageuka ipasavyo. Kuanzia hapo fedha na akili zote zilikwenda upande wa jicho: picha kali zaidi, kioo chepesi zaidi, kichwa kifuatwe haraka zaidi. Madaktari nao wakaingia. Mwaka 1995 Barbara Rothbaum na wenzake wa Atlanta walichapisha jaribio la kutibu hofu ya kuwa juu, wagonjwa wakipandishwa lifti na madaraja ambayo hayapo. Ilifanya kazi, na tangu hapo uhalisia pepe ukahesabiwa kuwa ni tiba na si mchezo peke yake.

Sasa tuache miwani kidogo, twende kwa mgonjwa.

Alois Alzheimer alieleza ugonjwa uliokuja kupewa jina lake mwaka 1906, mbele ya madaktari wenzake mjini Tübingen, Ujerumani. Miaka miwili kabla ya hapo Wajerumani hao hao walikuwa wamegeuza kituo cha Lutindi, kwenye milima ya Usambara, kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Ila mzee wa Kiafrika aliyesahau watoto wake hakuwa mada ya mtu yeyote kwa muda mrefu sana. J. C. Carothers, mkuu wa hospitali ya Mathari mjini Nairobi, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, na humo alilinganisha akili ya Mwafrika wa kawaida na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo wa mbele. Ukisoma hayo huhitaji kuuliza kwa nini hakuna aliyekuwa na haraka ya kuwapima bibi zetu.

Huko ulaya na Marekani kwenyewe tiba ilichukua njia ya ajabu. Miaka ya 1960, katika hospitali ya wanajeshi wastaafu ya Tuscaloosa, Alabama, daktari James Folsom na wauguzi wake walieneza mbinu ya kumrejesha mgonjwa kwenye uhalisia. Ukutani kuna ubao: leo ni siku fulani, tarehe fulani, hali ya hewa hivi, mlo unaofuata ni huu. Mgonjwa akisema mama yake anamsubiri, anakumbushwa kwa upole kwamba mama alishafariki. Nia ilikuwa njema, na kwa wakati wake ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu kabla ya hapo mgonjwa alilazwa tu akasubiri kufa. Lakini fikiria kumwambia mtu kila siku msiba wa mama yake, naye kila siku anausikia kwa mara ya kwanza. Sisi pia tumeifanya hiyo, bila kujua ina jina. "Bibi, nyumba ilishavunjwa." Analia. Kesho tena.

Na ule ubao, kumbuka, ni wa mtu anayeona na anayejua kusoma.

Wengine waligeuza njia. Robert Butler aliandika mwaka 1963 kwamba mzee kurudiarudia hadithi za zamani si dalili ya kuoza kwa akili, ni kazi anayoifanya ya kupitia upya maisha yake. Kwenye hilo ikajengwa tiba ya kumbukumbu: picha za zamani, nyimbo, vyombo vya jikoni vya enzi zake. Naomi Feil, ambaye alikulia ndani ya makao ya wazee aliyoyaendesha baba yake huko Cleveland, akaenda mbali zaidi: usimvute mgonjwa aje ulikosimama, mfuate aliko. Akisema anakwenda nyumbani, muulize nyumbani kuna nini. Na Uholanzi, miaka ya 1970, wakaanza vyumba vyenye mwanga laini, harufu, muziki na vitu vya kupapasa, kwanza kwa watu wenye ulemavu mkubwa wa akili, kisha vikatumika kwa wenye dimenshia. Heilig angefurahi kuviona.

Mtu akisoma yote haya anaona kwa nini uhalisia pepe ulipopungua bei ulipokelewa kwa shangwe. Kama kazi ni kumfuata mgonjwa aliko, basi hii si ndiyo gari lenyewe? Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kent walieleza jaribio dogo na wagonjwa 8 wenye dimenshia katika hospitali moja ya Northampton, watu ambao hawakuweza kutoka nje ovyo. Waliwapa kuchagua: kanisa kuu, msitu, ufukwe wa mchanga, ufukwe wa mawe, mashamba. Mmoja wao aliona daraja ndani ya miwani, akakumbuka safari aliyowahi kusafiri. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Waingereza wengine walikuwa wametengeneza filamu ya kuvaa usoni inayokurudisha mtaani siku ya kutawazwa Malkia Elizabeth, 1953.

Mimi nilisimama hapo kwenye 1953. Kwa mzee wa London ni sawa. Je, kwa bibi? Nani atatengeneza usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, au foleni ya duka la ushirika miaka ile ya shida? Lakini hata tungepata wa kuitengeneza, bado lipo swali lililo mbele zaidi. Majaribio ya aina hii mara nyingi yanawaacha nje watu wasioona vizuri, jambo linaloeleweka, maana utampimaje mtu kwa picha asiyoiona? Shida ni kwamba uzee hauji na ugonjwa mmoja mmoja kwa foleni. Mtoto wa jicho na presha ya macho vinaongezeka kwa umri uleule ambao dimenshia inaongezeka.

Kisa kinachonifundisha zaidi kuhusu hili hakikutokea Northampton, kimetokea wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Mwaka 2010 watafiti wa Tanzania na Uingereza walipita huko vijijini, wakawapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea. Walikuta karibu 6 kati ya kila 100 wana dimenshia: asilimia 6.4 baada ya kusawazisha umri. Ile hadithi kwamba Afrika haina ugonjwa huu ikaisha hapo, angalau kwa upande wetu.

Kisha wakakutana na tatizo ambalo vitabu vya Ulaya havikuwa nalo. Vipimo vya kawaida vinamtaka mtu asome sentensi, aandike, achore. Wazee wengi wa Hai hawakupitia shule, na wengi macho na masikio yalikuwa yamechoka. Kikatengenezwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA. Unaulizwa daraja ni nini. Unaulizwa leo siku gani, kiongozi wa kijiji ni nani. Unataja wanyama wengi uwezavyo kwa dakika moja. Unakumbuka maneno uliyotajiwa. Na badala ya kuchora, unapanga njiti za kiberiti. (Hata njiti zinataka jicho kidogo, lakini zinataka vidole zaidi, na hiyo kwangu ni nafuu kubwa.)

Nilipomwuliza bibi lile swali la daraja, kwa utani tu, alinijibu kwa dharau: "Si hilo lenu la kwenda Kigamboni, la kulipia." Daraja la Nyerere lilifunguliwa Aprili 2016. Jina langu alikuwa amelisahau siku hiyo, daraja alilikumbuka mpaka tozo yake.

Baada ya kupima, Hai walijaribu kutibu, na hawakuanza na mashine. Walichukua tiba ya kuchangamsha akili iliyoundwa London na Aimee Spector na wenzake, ambayo jaribio lake la mwaka 2003 lilikuwa na watu 201. Ni vikao 14 vya kikundi, viwili kwa wiki, kwa wiki 7. Kila kikao kina mada: utoto, chakula, sauti, matumizi ya fedha, michezo ya mwili, habari za siku. Ilibidi ifanyiwe marekebisho ili iwafae watu wasiosoma, wenye nyimbo zao na vyakula vyao. Wazee 34 walishiriki, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha nafuu katika akili, katika wasiwasi na katika tabia zinazowachosha wauguzaji. Ni kikundi kidogo, sitaki kukikuza kuliko kilivyo. Lakini kazi ilifanyika bila skrini.

Nataka kueleweka hapa. Sisemi miwani ni upuuzi wa wenye fedha. Ninachosema ni kwamba katika historia yote hii chombo kilidhani jicho lipo, na pale Hai ndipo watu walipolazimika kuanza na mtu ambaye huwezi kumdhania jicho wala kalamu.

Lipo jambo jingine kuhusu jicho ambalo lilinitisha nilipolisoma, maana tulikuwa tunaishi nalo ndani ya nyumba. Bibi alikuwa anaona watoto. Wadogo, wamevaa nguo nzuri, wanakaa pembeni ya kabati, hawasemi. Shangazi akasema majini. Jirani akatoa namba ya mtaalamu wake. Mimi, msomi wa familia, nikasema ni dimenshia imezidi, na nilisema kwa uhakika mkubwa sana.

Mwaka 1760 mwanasayansi wa Geneva, Charles Bonnet, aliandika kuhusu babu yake, Charles Lullin, mzee wa miaka 89 ambaye macho yake yalikuwa yameharibika. Lullin alikuwa anaona wanaume na wanawake, ndege, magari, majengo, vyote kimya. Na akili yake ilikuwa timamu. Alijua fika kwamba havipo, akavifurahia kama tamthilia. Karne ya 20 hali hiyo ikapewa jina la Bonnet. Maelezo yake ni mepesi kuliko majini: ile sehemu ya ubongo iliyozoea kupokea picha inapokosa picha kutoka jichoni haikai bure, inajitengenezea zake. Miwani ya uhalisia pepe isiyouzwa dukani. Kiswahili tuna neno zuri, mauzauza, ila tumelifunga kwa wachawi.

Kwa mtu mwenye dimenshia na macho mabovu pamoja, kutenganisha ni kugumu, kwa sababu zipo dimenshia zinazoleta mauzauza zenyewe, na mgonjwa anaweza asijue kwamba anachokiona hakipo. Ndiyo maana inatakiwa daktari atazame vyote viwili. Na katika nchi yetu kukosea kunaweza kumaliza maisha. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kuambiwa ni wachawi kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia miaka 60. Ongeza kikongwe huyo anaongea na watu wasioonekana, au anapotea njia usiku anakutwa uani kwa jirani. Hapo ndipo sayansi ya macho na usahaulifu inapoacha kuwa maarifa ya kufurahisha.

Tukarudi kwenye mtoto wa jicho. Nyumbani palikuwa na mjadala, na hakuna aliyekuwa mbaya. Baba mdogo aliuliza kwa uchungu wa kweli: mtu asiyetukumbuka, tumpasue macho aone nini? Nilikuwa na cha kumjibu kwa sababu ya kusoma. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa Seattle uliofuatilia watu zaidi ya 3,000 wenye mtoto wa jicho au presha ya macho; waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho walikuwa na hatari ya kupata dimenshia ndogo kwa karibu asilimia 30. Huo haukuthibitisha kwamba upasuaji ndio uliozuia, na haukuwa unahusu watu ambao tayari wanaumwa, kama bibi. Nilimwambia na hayo. Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet liliongeza uoni hafifu usiotibiwa kwenye orodha yake ya mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimenshia. Baba mdogo akasikiliza, akaniuliza: "Kwa hiyo atatukumbuka?" Nikasema hapana, sidhani. Akanyamaza. Kisha akatoa nusu ya fedha.

Wakati tunasubiri siku ya hospitali, binamu yangu alifanya kitu ambacho kilimchukua jioni mbili na hakikuhitaji skrini. Alikwenda na simu mpaka karibu na geti la bandari akarekodi honi, malori, winchi. Akarekodi adhana ya alfajiri, wauza samaki, mvua kwenye bati. Akaunganisha yote, akamwekea bibi spika za masikioni zinazopeleka sauti kushoto na kulia, huku shangazi amempa kitambaa kilichopakwa mafuta ya nazi ashike. Magharibi ilipofika, saa ile ya kujifunga kanga, bibi alikaa. Meli ilipopiga honi upande wa kulia aligeuka kulia.

"Imechelewa leo," akasema.

"Imetoka wapi, bibi?"

"Unguja. Babu yako yuko humo." Akaanza kutuhadithia mizigo ya babu, nani alikuwa anamdai, nani alikuwa anampunja. Mambo ambayo hata baba mdogo hakuwahi kuyasikia. Si kila siku inafanya kazi. Siku nyingine anavua na kuuliza nani amewasha redio.

Upasuaji ulikuwa wa jicho moja, la kulia, na ulichukua muda mfupi kuliko foleni ya kuusubiri. Asubuhi walipotoa kitambaa nilikuwa nimechuchumaa mbele yake. Alinitazama kwa muda, akanishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku kama anayechagua embe sokoni.

"Marahaba," akasema, kabla sijamwamkia. "Kumbe una ndevu."

Wale watoto wa pembeni ya kabati hajawataja tena. Magharibi bado anajifunga kanga.

Wiki iliyopita tulimwacha aende, tukamfuata nyuma, mimi na binamu yangu. Alitembea hadi barabara ya malori, akasimama, akaangalia mageti kwa jicho lake jipya, kushoto na kulia. Meli ikapiga honi huko ndani. Akaniuliza kama nimekula, tukageuza.